Ule Mkebe Ulikuwa wa Nini?

Maneno haya niliyasema mbele ya walimu, wazazi na vijana wanaojifunza kuandika, tulipokutana Kikwajuni, Unguja. Nimeyaweka hapa yote kwa ajili ya waliotaka kuja wakashindwa.

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wazee wangu, walimu wenzangu, vijana wangu. Nimeombwa nizungumze juu ya namna ya kupata hadithi za kuandika kutoka katika maisha yetu wenyewe. Nimesomesha Kiswahili karibu umri wangu wote, Pemba na hapa Unguja, na yapo maneno niliyoyasikia darasani kuliko mengine yoyote. Kijana anapewa karatasi, anaangalia dari, halafu anasema: "Mwalimu, mimi sina cha kuhadithia. Kwetu hakujatokea kitu."

Kwetu hakujatokea kitu! Jamani, nyumba gani hiyo? Nyumba ambayo watu wamezaliwa ndani yake, wameozwa, wamegombana, wamesameheana, maiti zimetolewa mlangoni, wageni wamepokewa usiku wa manane. Nyumba hiyo haina cha kuhadithia?

Nakwambieni, hadithi mnazo. Mnazitafuta pasipo. Mnadhani hadithi lazima iwe na vita, au safari ya Ulaya, au mtu mashuhuri aliyepita mtaani kwenu. Nataka leo tuzitafute zilipo.

Nianze na kiza. Mlio na umri wa kukumbuka, kumbukeni Disemba ya 2009. Waya wa umeme unaopita chini ya bahari kutoka Bara uliharibika, kisiwa chote cha Unguja kikazimika, na umeme wa kuaminika hatukuuona tena mpaka Machi 2010. Miezi mitatu! Na kabla ya hapo, 2008, tulikuwa tumeshakaa kiza takriban mwezi mzima. Pampu hazivuti maji, watu wamebeba ndoo wanatafuta visima vilivyosahauliwa, mafriji yamefunguliwa milango, na aliyekuwa na jenereta mtaa mzima unajua kama analo.

Umeme uliporudi, niliwapa wanafunzi wangu insha juu ya miezi ile. Wote waliandika kitu kimoja. Waya wa baharini, jenereta, shida ya maji, mafuta ya taa, na mwishoni "wananchi na serikali tushirikiane." Makosa hayakuwemo. Sarufi safi, hati safi. Lakini ukishasoma daftari la kwanza ulikuwa umeshayasoma yote.

Nikawarudishia madaftari, nikawauliza maswali madogo madogo. Ulilala wapi miezi ile? Nani alikuwa akiwasha kandili pale nyumbani, na nani akiizima? Magharibi ikiingia, baba yako alifanya nini?

Kijana mmoja aliandika hivi. Baba yake kila siku akirudi kazini hukaa mbele ya televisheni, na mtu asimsemeshe mpaka taarifa ya habari iishe. Umeme ulipokatika, siku za mwanzo akawa anakaa pale pale, kwenye kiti kile kile, macho kwenye kioo cheusi. Usiku mmoja akainuka, akaingia chumbani, akatoka amekumbatia ubao wa bao ambao mtoto hakujua kama umo ndani ya nyumba yao. Akasogeza kandili, akamwaga kete, akamwambia: "Kaa." Mtoto akaona baba anazipanga kete bila ya kuhesabu, vidole vinajua vyenyewe. Akamfundisha namua, ile hatua ya mwanzo ya mchezo, akamfundisha kuilinda nyumba, lile shimo kuu la ubaoni. Na usiku ule, alipoliwa nyumba yake na mtoto anayejifunza, baba alicheka mpaka majirani wakauliza kuna nini.

Insha yake iliishia usiku umeme uliporudi. Mtaa mzima unapiga kelele za furaha, na yeye anamtazama baba yake anainuka kwenye jamvi, anakwenda kukaa kwenye kiti.

Ndugu zangu, ipi ndiyo hadithi ya kile kiza? Waya ulioharibika ni habari, na habari ile ilikuwa ya watu wote. Bao lilikuwa la mtoto yule peke yake, na ndiyo maana mimi, niliyekuwa na kiza changu na kandili yangu, nalikumbuka mpaka leo.

Sasa mtaniuliza: kumbukumbu ni nyingi, nitajuaje ipi ina hadithi ndani yake?

Jawabu langu ni hili. Tafuteni kitu mnachokikumbuka bila ya kujua kwa nini mnakikumbuka. Umesahau majina ya nusu ya darasa lako, umesahau sherehe za watu, lakini unakumbuka ndoo fulani. Unakumbuka harufu ya shati la mtu. Unakumbuka neno moja lililosemwa uani, na hata hukuambiwa wewe. Kwa nini kitu hicho kimekataa kuondoka miaka yote hii? Hapo ndipo pa kuchimba.

Mimi kwetu Mtambwe, Pemba. Historia kubwa ya karafuu imo vitabuni: kimbunga cha 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa, na tangu hapo karafuu nyingi ya visiwa hivi ikawa inatoka kwetu. Naiheshimu historia hiyo na nimeisomesha. Lakini nikikaa kuandika habari za karafuu, kitu kinachonijia mwanzo ni mlio wa mkebe.

Nilikuwa mtoto mdogo. Msimu ukiwa mkubwa, skuli hufungwa, na sisi watoto tunaingia shamba pamoja na wakubwa. Mchana watu wako juu ya mikarafuu. Jioni mizigo inashushwa nyumbani, na baada ya sala ya Isha ndipo kazi ya kuchambua inapoanza. Karabai imetundikwa kwenye boriti. Tumekaa kwenye majamvi, wanawake na watoto, kila mtu na lundo lake. Unalikamata shada kwa mkono mmoja, unalisukumiza kwenye kiganja cha mkono wa pili, karafuu zinamwagika mapajani, konyo unalitupa upande. Shada, kiganja, konyo. Shada, kiganja, konyo. Viganja vinageuka vyeusi, na ole wako ujisahau ujifikiche jicho! Wakubwa wanatoa ngano ili watoto wasilale, na watoto wanalala vivyo hivyo, karafuu mkononi.

Katika msimu mmoja, kila usiku kabla ya watu kutawanyika, bibi yangu mzaa mama alikuwa akipitisha mkebe wa maziwa ya unga. Kila mtu anatia konzi moja ya karafuu. Hakuna anayesema kitu. Mkebe ukiwa bado mtupu, zile za mwanzo zinapiga bati kwa mlio mkavu. Ukianza kujaa mlio unazama. Mlio ule nimeishi nao miaka na miaka. Nilidhani ni karafuu za kutia kwenye chai. Nilidhani ni za dawa ya meno. Msimu uliofuata mkebe haukuonekana tena, na mimi sikuuliza.

Nimeshakuwa mtu mzima, nina watoto wangu, ndipo siku moja tuko jikoni na mama, yeye yuko kwenye mbuzi anakuna nazi, nikamwambia: "Mama, ule mkebe wa bibi ulikuwa wa nini?"

Mama akaacha kukuna. Akaniambia kwamba mwanzoni mwa msimu ule mchumaji mmoja, mgeni aliyetoka mbali, alianguka kutoka juu ya mkarafuu wa babu akavunjika mguu. Mchumaji analipwa kwa pishi anazochuma, asiyechuma hapati. Na yule mtu alikuwa ameacha mke na watoto kwao wanamtazamia. Bibi akampa chumba cha uani, akaletwa mtu wa kuunga mifupa, na usiku ule ule mkebe ukaanza kuzunguka. Karafuu zake zikawa na mkeka wake peke yake. Wingu likitanda, watu wanapiga kelele "Mvua! Mvua!" wanakimbilia kuanua, mkeka wa mwanzo kuanuliwa ni wa mgeni. Na msimu ulipokwisha, babu alimuita barazani, akamtia fedha mkononi, akamwambia: "Hesabu yako hii. Hizi ndizo pishi ulizochuma."

Ulizochuma! Mtu hakuwahi kupanda hata tawi la mwanzo tangu alipoanguka. Lakini babu hakutaka mgeni atoke kwake akihisi amepewa sadaka.

Nikamuuliza mama, mbona miaka yote hii hukutwambia? Akasema: "Kwani mliuliza?" Akaendelea kukuna nazi yake.

Vijana wangu, maneno yale ya mama ndiyo yaliyonileta mbele yenu leo. Kwani mliuliza? Majumbani mwenu mna mikebe mingapi ambayo hamjauliza? Kuna bibi hali ndizi za aina fulani, na hakuna anayejua kwa nini. Kuna picha ukutani imekatwa upande. Kuna mzee anazunguka njia ndefu kwenda msikitini wakati ya mkato ipo. Mnaishi na vitu hivyo, mnavipita asubuhi na jioni, halafu mnaniambia kwenu hakujatokea kitu!

Lakini kuuliza nako kuna namna yake, na hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu vijana wengi wanakwenda na nia njema wakarudi mikono mitupu. Wanamwendea mzee, wanawasha simu kurikodi, wanamwambia: "Bibi, tuhadithie maisha yako." Bibi atasema nini? Atasema alhamdulillahi, tumeishi, tumelea, Mungu ametustiri. Basi. Au mzee atageuka mwalimu: zamani kulikuwa na adabu, vijana wa leo hamna adabu. Amelijibu swali lenu. Swali lenyewe ndilo lililokuwa pana mno.

Ulizeni kidogo. Muulize bibi: Mlango wa nyumba yenu ulikuwa unaangalia wapi? Nani alikuwa anaamka mwanzo? Kanga yako ya mwanzo nani alikununulia, na ilikuwa na maneno gani? Mlipogombana na wenzako kisimani mlikuwa mkigombania nini? Hapo utamuona bibi anabadilika sura. Macho yanakwenda mbali kidogo. Ataanza na mlango, na kabla chai haijapoa atakuwa ameshafika kwenye jambo ambalo hata wanawe hawajalisikia.

Chukueni mfano wa mwanzoni mwa miaka ya sabini, wakati mchele, unga na sukari vilikuwa vya mgao na foleni. Mzee ukimuuliza "Wakati ule ulikuwaje?" atakwambia ulikuwa mgumu, atanyamaza, na ana haki ya kunyamaza. Lakini muulize: Mchele ukikosekana, mama yako alipika nini? Nani alitumwa foleni? Alitoka nyumbani saa ngapi, na kikapu kilikuwa kikubwa kiasi gani? Mgeni akitokea wakati wa kula, ilikuwaje? (Namuona mzee pale nyuma, wa kanzu ya kahawia, ameinua mkono. Baba, nitakuja kwako, inshallah.)

Wapo watakaosema: haya ya mikebe na vikapu ni ya uani, hayafiki popote. Hayafiki? Siti binti Saad alizaliwa Fumba, Fumba ile ile ambako ule waya wa umeme unatoka baharini. Kwao walikuwa wafinyanzi, na yeye alikuwa akileta vyungu mjini kuuza. Mwanamke huyo ndiye aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurikodi santuri, sauti yake ikasikika pwani nzima. Na aliimba nini? Mapenzi aliimba, ndiyo, lakini aliimba pia yaliyotokea mitaani: nani kadhulumiwa, nani kapelekwa mahakamani, mnyonge kafanywa nini na mwenye nguvu. Watu walijisikia wenyewe ndani ya santuri.

Na Abdulrazak Gurnah je? Kazaliwa hapa hapa Unguja 1948, kaondoka kijana miaka ya sitini kwenda Uingereza, na 2021 kapewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Ameishi Uingereza miaka mingi kuliko aliyoishi hapa, na bado vitabu vyake vinarudi pwani hii: bandari, maduka, nyumba za watu na siri zao. Hayo nayo ni ya uani, na yamefika.

Sasa nifike kwenye jambo zito, na naomba wazee mnivumilie. Sisi ni watu wa stara. Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata haisemi. Kijana anaweza kuniuliza: Mwalimu, hadithi ninayo, tena nzuri, lakini ni ya aibu ya mtu. Nifanye nini?

Mimi sikubaliani na wanaosema mwandishi hana mpaka. Mwandishi anao mpaka. Heshima ya shangazi yako ina thamani kuliko hadithi yako. Lakini sikubaliani pia na wanaosema basi tunyamaze yote, maana tukinyamaza yote watoto wetu watabaki na hadithi za watu wengine tu.

Nilikuwa na mwanafunzi, msichana mtulivu, shangazi yake kaachwa na mumewe. Mtaa mzima ulikuwa na maneno. Alitaka kuandika akaogopa. Nikamwambia: usiandike kwa nini kaachwa, hilo si lako. Andika pale ulipokuwa wewe. Wewe ulikuwa wapi siku ile? Akasema: "Nilibeba sanduku."

Basi akaandika sanduku. Yeye na shangazi wanatembea kutoka nyumba ile mpaka nyumbani kwa bibi, alasiri, watu wako barazani. Yeye na sanduku kichwani, shangazi yuko mbele, kanyooka, anawaamkia watu wote mmoja mmoja kama anavyowaamkia siku zote. "Masalkheri, Bi fulani. Hamjambo?" Na wanawake wanaitikia, wanainamisha macho kwenye sanduku. Mlangoni bibi akalipokea sanduku, akasema: "Uji uko jikoni." Ukurasa mmoja na nusu. Jina la mume halimo, sababu haimo. Kabla ya kunionyesha mimi, alimsomea shangazi yake kwanza. Shangazi alitaka kitu kimoja tu kibadilishwe: rangi ya kanga aliyovaa ilikuwa imekosewa.

Hiyo ndiyo njia. Kaa mahali pako. Andika macho yako yalichokiona na mikono yako ilichokibeba. Mwenye hadithi akiwa hai, msomee kabla ya kuwasomea wengine. Akikataa, iweke.

Na ziko kumbukumbu ambazo hazijafika wakati. Wamo humu ukumbini, najua, waliopoteza watu katika meli iliyozama usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, ikitoka hapa kwenda Pemba. Msimwendee mtu na simu yenu mkononi kumuuliza usiku ule. Akitaka kusema atasema, pengine kwako, pengine kwa mwengine. Mkae naye kwa mengine.

Juu ya kuandika kwenyewe nitasema machache, maana kalamu hufundisha kuliko mwalimu. Msianze na "Mimi nilizaliwa mwaka fulani katika kijiji fulani." Anzeni sanduku likiwa tayari kichwani. Anzeni kete zikimwagwa. Ndugu yako akikwambia haikuwa hivyo, mkebe ulikuwa wa chai na si wa maziwa, usigombane naye. Andika unavyokumbuka wewe, na umuombe aandike anavyokumbuka yeye. Na nakuombeni, nakuombeni sana, walimu wenzangu mnisaidie katika hili: acheni kuwalazimisha watoto kumalizia insha kwa "hadithi hii inatufundisha." Msomaji aliyemuona babu akimhesabia mgeni fedha barazani ana haja gani ya kuambiwa kwamba wema ni mzuri?

Kazi niliyokuwekeeni ni ndogo. Tunakutana tena hapa hapa Jumamosi ijayo baada ya Alasiri. Kila mtu aje na kitu kimoja anachokikumbuka bila ya kujua sababu, na jawabu ya mtu mmoja mkubwa aliyemuuliza juu ya kitu hicho. Ukurasa mmoja unatosha. Asiyependa kuandika arikodi kwenye simu, vijana watamuandikia. Na kwa wale ambao wakubwa wao wameshatangulia mbele ya haki, muulizeni jirani wa zamani, muulizeni aliyesoma na mama yako, muulizeni aliyemuuzia samaki. Yupo anayejua.

Nilikuwa na mengine, lakini yule mzee wa kanzu ya kahawia mkono wake bado uko juu tangu nilipotaja foleni, na kukaa kwangu hapa mbele nikisema wakati yeye anangoja si adabu. Mpelekeeni kipaza sauti. Shikamoo, baba. Karibu. Ni wewe uliyetumwa foleni, au ni nani?